Pepo za Mbisho: Kubisha kwa Vyombo vya Pwani

Kiswahili kina neno moja kwa mtu agongaye mlango wa jirani, kwa mtu akataaye hoja ya mwenziwe, na kwa chombo kiendacho kuukabili upepo. Wote watatu wabisha. Mgonga mlango hataki kuuvunja, mshindani wa maneno hapigi ngumi, na nahodha haelekezi omo ya chombo chake moja kwa moja katika kinywa cha upepo, maana akifanya hivyo tanga hupepea kama nguo juu ya kamba na chombo husimama. Kila mmoja hutafuta njia ya pembeni ya kufika mahali alipokatazwa. Upepo utokao upande wa safari huitwa pepo za mbisho, na kazi ya kuupanda kidogo kidogo, mara kwa ubavu huu, mara kwa ubavu ule, huitwa kubisha.

Neno hili lapasa kutazamwa kwanza kwa sababu historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki imeandikwa mara nyingi kama kwamba halipo. Vitabu vingi vyasema kwamba kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha. Kwamba miji ya Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa ilikaa ikingoja wageni kama mtu angojaye embe kudondoka. Katika masimulizi hayo upepo ndio mtendaji, na mwanadamu ni mzigo. Ikiwa ni kweli, basi baharia wa pwani hakuwa na ufundi mkubwa kuliko ule wa kukweka tanga na kushika usukani. Ikiwa si kweli, sura nzima ya biashara ya pwani yataka kusomwa upya, na hasa ile sehemu iliyofanywa na wenyeji baina ya bandari na bandari.

Ukweli wa misimu hauna mpinzani. Kaskazi huvuma takriban toka Desemba hata Machi, kusi toka Aprili hata Septemba, na baina yao huja siku za maleleji, upepo usipokuwa na kauli moja. Kusi katika Juni na Julai huwa kali hata bandari za magharibi ya Bara Hindi zilifungwa kwa vyombo vya matanga, na mabaharia wa Kiarabu walisema bahari imefungwa. Ahmad bin Majid, mwana wa Julfar katika Ghuba, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, alizipa nyakati za kung'oa nanga nafasi kubwa katika mafunzo yake. Nahodha mwenye shehena, abiria na deni la tajiri hakuwa na sababu ya kubisha bahari kuu nzima, ikiwa kungoja wiki chache bandarini kungempa upepo wa tezi mpaka mwisho wa safari. Huko kungoja kulikuwa ni elimu. Wageni wengi waliokudharau walikudhani ni uvivu.

Mfano wa gharama ya kukosa elimu hiyo umehifadhiwa katika habari za Vasco da Gama. Alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498 alipewa rubani, na siku ya 24 ya mwezi huo akatweka matanga. Kusi ilikuwa changa. Siku 23 zikapita bila ya kuona nchi kavu, kisha milima ya Bara Hindi ikaonekana. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid mwenyewe, lakini wataalamu wa baadaye wameikataa habari hiyo, na waandishi wa Kireno wa karne ya 16 humtaja kuwa ni mtu wa Gujarati. Mmoja wao amwita Malemo, na katika neno hilo sikio la Mswahili halikosi kusikia mwalimu, cheo cha mjuzi wa njia za bahari.

Marejeo yalikuwa mambo mengine. Wareno waliondoka pwani ya Bara Hindi mwanzo wa Oktoba 1498, baada ya kugombana na watawala wa Calicut na bila ya msaada wa rubani yule. Kusi ilikuwa imekwisha, kaskazi haijasimama. Walikuta shwari za siku nyingi, na baada ya shwari pepo za mbisho. Merikebu zao zilikuwa na matanga ya mraba katika milingoti mikubwa, na matumbo mapana. Njia waliyoipita kwa siku 23 wakati wa kwenda iliwachukua miezi 3 kasoro siku 3 wakati wa kurudi. Kiseyeye kikawaingia, fizi zikavimba na kufunika meno, miguu ikavimba, watu 30 wakafa katika kivuko hicho peke yake, juu ya wengine waliokwisha kufa kabla. Katika kila merikebu walibaki watu 7 au 8 tu wawezao kufanya kazi, na hao nao hawakuwa wazima. Mwanzo wa Januari 1499 waliiona Mogadishu, na siku ya 7 wakatia nanga Malindi, ambako mfalme aliwapelekea machungwa. Siku chache mbele, karibu na Mtangata, si mbali na Tanga ya leo, waliichoma moto merikebu ya São Rafael kwa sababu mikono ya kuiendesha haikuwapo tena. Kama wangalingoja hata Desemba, kaskazi ile ile iliyowaleta maelfu ya mabaharia wasio na majina ingaliwaleta na wao pia.

Basi hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Kisa hiki chaonyesha nguvu ya msimu, na wale wasemao kwamba vyombo vya pwani vilikuwa watumwa wa upepo waweza kukishika kama ushahidi wao. Lakini bahari kuu ni jambo moja, na pwani ni jambo jingine. Katika bahari kuu mtu angoja. Katika pwani, penye visiwa, mikondo, ghuba na pepo za nchi kavu, mtu abisha.

Ufundi wenyewe wataka maelezo, maana wasomaji wengi wa leo wamevuka kwa boti ya mashine. Tanga la jahazi limefungwa katika foromali, mti mrefu uliounganishwa aghalabu kwa vipande viwili au zaidi, na foromali hukwekwa juu ya mlingoti kwa henza na jarari. Ncha ya mbele ya foromali hushuka karibu na omo, ncha ya nyuma hupaa juu. Pembe ya mbele ya tanga ndiyo goshi, au joshi. Pembe ya nyuma huvutwa kwa kamba iitwayo demani. Kwa hiyo upande utokao upepo waitwa upande wa joshi, na upande uendako upepo waitwa upande wa demani. Katika jahazi mtu haulizi kulia wala kushoto; chombo kizima husomwa kwa upepo.

Chombo kikienda na upepo wa tezi, demani hulegezwa, tanga hujaa kama tumbo la pweza, na kazi ni ndogo. Kikitaka kwenda joshi mambo hugeuka. Goshi huvutwa chini na mbele kwa nguvu, ili ukingo wa mbele wa tanga ukazike kama uzi wa upinde. Demani hukazwa mpaka tanga liwe bapa, au karibu na kuwa bapa. Sababu yake si ngumu kufahamika. Tanga lielekealo upepo kwa ukingo wake halisukumwi tu. Upepo hupita pande zote mbili za kitambaa, na ule upitao nyuma ya mbinuko, upande wa demani, hukimbia zaidi na kulivuta tanga, kama hewa ipitayo juu ya bawa la ndege. Mvuto huo huenda mbele kidogo na ubavuni sana. Ule wa ubavuni huzuiwa na mkuku na sehemu ya ubao iliyozama majini. Ule wa mbele ndio safari. Tanga likiwa na tumbo kubwa, mvuto wa ubavuni huzidi, chombo hulala na kuchukuliwa upande wa demani. Ndiyo maana tanga la pamba lililochakaa na kunyooka lilikuwa adui wa nahodha abishaye, na ndiyo maana vyombo vikubwa vilichukua matanga zaidi ya moja, kubwa kwa upepo mwanana na dogo kwa upepo mkali.

Baada ya kamba kukazwa, kazi huwa ya mshika usukani. Hutazama ukingo wa mbele wa tanga, karibu na foromali. Ukianza kutetemeka, amekaribia upepo kupita kiasi. Mwendo utapungua, na chombo kisicho na mwendo hakisikii usukani. Akiuacha upepo uingie ubavuni mno, chombo hukimbia kwa furaha, povu huonekana omoni, abiria husifu, lakini kila pima moja la mbio hizo lampeleka mbali na bandari yake. Baina ya makosa hayo mawili pana njia nyembamba, nayo hubadilika kila upepo upandapo au ushukapo. Usiku tanga lisipoonekana vema, upepo husikiwa shavuni na sikioni. Ubaharia wa kweli ulipimwa hapa.

Hesabu yake yaonyesha kwa nini kazi hii haikupendwa. Chombo kiendacho kwa pembe ya digrii 60 toka upepo, kikipiga bisho upande huu na upande ule, hulazimika kusafiri maili 200 ili kupanda maili 100. Kikichukuliwa na maji hata pembe yake ya kweli iwe digrii 70, maili zile 100 huwa karibu 300. Digrii 10 tu za uzembe wa kamba, au za mkuku mfupi, huongeza nusu ya safari. Na mkuku wa jahazi haukuweza kurefushwa ovyo, kwa maana chombo cha pwani chatakiwa kikae juu ya matope maji yakipwa, kipakie na kipakue bila ya gati. Fundi wa Lamu alijenga kwa bahari mbili: ya kusafiria na ya kupwelea.

Tena kuna kugeuka. Merikebu za Ulaya ziliweza kuipitisha omo katika upepo na kuendelea upande wa pili. Jahazi kubwa haliwezi kufanya hivyo bila ya hatari, maana upepo ukilikuta tanga kwa mbele hulibandika juu ya mlingoti, na foromali nzito na mlingoti wenyewe huweza kuvunjika. Kwa hiyo nahodha huzungusha tezi. Huuacha upepo upite nyuma, demani hufunguliwa, mabaharia huivuta ncha ya chini ya foromali mpaka mti mzima usimame sambamba na mlingoti, kisha huipitisha tanga mbele ya mlingoti hata upande wa pili, kamba za kuegemeza mlingoti hufungwa upya upande wa joshi, na demani hukazwa tena. Kazi hiyo huitwa kukisi tanga. Alan Villiers, nahodha wa Australia aliyesafiri miaka ya 1938 na 1939 katika chombo cha Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, toka Aden hata Unguja na mlango wa Rufiji, aliieleza katika kitabu chake cha 1940: mabaharia wengi wakivuta kwa nyimbo, kitambaa kikipiga kelele, na chombo kikipoteza katika mzunguko mmoja sehemu ya yale yaliyopatikana kwa taabu. Mtu akiisha kuona hivyo mara moja haoni ajabu kwamba nahodha wa bahari kuu aliona afadhali kungoja msimu.

Mashua na vyombo vidogo viko mbali na shida hiyo. Foromali yake huchukuliwa na watu wawili, na huweza kukisiwa katika mlango mwembamba baina ya miti ya mikoko. Ngalawa nayo, yenye ndubi pande zote mbili, haihitaji farumi ya mawe, na mvuvi mmoja na mwanawe waweza kuirudisha nyumbani jioni dhidi ya upepo wa bahari.

Kuhusu asili ya tanga hili la pembe, wanachuoni wa zamani walidai kwamba ni zawadi ya Waarabu kwa dunia, na kwamba ndilo lililowafundisha Wazungu kubisha. Dai hilo limepungukiwa na nguvu. Picha za matanga ya namna hii zimeonekana katika nchi za Bahari ya Kati toka nyakati za Dola ya Rumi, kabla ya Uislamu. Julian Whitewright, katika uchunguzi wake uliotolewa 2009 na 2011, alikwenda mbele zaidi: alionyesha kwamba katika kupanda upepo tanga la pembe halikulishinda sana tanga la mraba la kale, na kwamba yote mawili yaliishia karibu na pembe ile ile isiyopendeza. Kwa pwani ya Waswahili jambo hili lina uzito. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba ya nazi bila ya msumari hata mmoja, ulikuwa na tanga la mraba la mkeka wa miyaa, na ulidumu katika visiwa vya Lamu hata mwanzo wa karne ya 20. Imezoeleka kuuona kama mzee dhaifu aliyesukumwa pembeni na jahazi. Lakini chombo ambacho hakikuweza kabisa kuukabili upepo hakingaliishi karne nyingi hivyo katika milango ya Pate na Manda, ambako kila safari yataka kugeuka.

Mahali pa kubisha palikuwa hasa katika biashara ya karibu. Yafaa kuitazama Kilwa. Chombo kilichotoka Ghuba au Bara Hindi kwa kaskazi kingeweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi ndani ya mwaka. Kikienda mpaka Sofala, kwenye dhahabu, kilikuwa katika hatari ya kukosa msimu wa kurudi. Hapo ndipo Kilwa ilipopata utajiri wake. Dhahabu na pembe zililetwa toka kusini kwa vyombo vya pwani, zikawekwa, zikangojea wageni. Ibn Battuta aliuona mji huo 1331, siku za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na magofu ya Husuni Kubwa yangali yakiushuhudia ukubwa wa enzi hiyo. Lakini njia ya Sofala haina kaskazi ya kutegemewa kama ile ya juu. Katika mlango wa Msumbiji pepo ni za kubadilika. Mtu aliyeleta dhahabu Kilwa ilimpasa ajue kungoja, kujibanza nyuma ya kisiwa, na kubisha. Wasifu wa masultani umeandikwa. Mabaharia hao wamebaki bila ya mwandishi.

Silaha zao hazikuwa kamba peke yake. Mkondo wa pwani huenda kaskazini mwaka mzima katika sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania na Kenya. Wakati wa kusi huweza kufikia mwendo wa maili 4 kwa saa, na wakati wa kaskazi hupungua lakini haugeuki mpaka karibu na Lamu. Kwa hiyo chombo kitokacho Unguja kwenda Mombasa katika Januari huwa na upepo usoni lakini kina maji chini yake yanayokibeba. Faida hiyo ina adhabu yake, maana upepo ukikutana na mkondo mawimbi husimama wima na chombo kidogo huteseka. Tena kuna umande, upepo wa alfajiri utokao nchi kavu. Nahodha mzoefu hung'oa nanga kabla ya jua, hutumia umande kutoka nje ya mwamba na kupanda maili kadhaa bila ya kukisi tanga, na upepo wa bahari ukiisha kuamka huingia katika ghuba inayofuata, akala, akalala. Kwa mwendo huo wa kuibia, safari ya siku mbili ilikuwa wiki, lakini ilifika. Katika milango na mito ya mikoko maji kujaa na kupwa yalifanya kazi ambayo tanga halikuweza. Vyombo vilivyochukua boriti na chokaa viliishi kwa hesabu ya mwezi.

Ushahidi mwingine umo katika lugha. Nahodha ni neno la Kiajemi kwa asili. Usukani ni la Kiarabu. Joshi, demani na foromali zina ndugu zao katika lugha ya mabaharia wa Kiarabu na Ghuba. Mtu aweza kutoka hapo akasema kwamba ufundi wote ulikuwa wa kuazima. Lakini tanga si neno la kigeni, wala kubisha si neno la kigeni. Waswahili waliazima jina la kamba. Tendo lenyewe walikuwa nalo, na walilipa jina lile lile la kukaidi na kugonga mlango. A. H. J. Prins, ambaye kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu kilitoka 1965, alikusanya msamiati mpana wa vyombo vya visiwa hivyo wakati mashine zilikuwa bado chache, na thamani ya kazi yake imezidi kila mwaka, kwa sababu maneno ya namna hii hayafi kwa kukatazwa. Hufa kamba zinapofunguliwa kwa mara ya mwisho na injini ikawashwa.

Leo jahazi nyingi zina injini, na pepo za mbisho zimekuwa ni hesabu ya mafuta. Mashindano ya mashua huko Lamu yangali yakiendeshwa kwa tanga tupu. Njia huwekwa ili sehemu yake ipande upepo, na hapo ndipo mashua huachana. Mabaharia hukaa juu ya ubao mrefu uliotokezwa nje upande wa joshi, miili yao ikiwa farumi. Magunia ya mchanga huhamishwa toka ubavu hata ubavu kila tanga likisiwapo, na mtu mmoja huwa na kazi ya kuchota maji tu. Walio ufukoni huanza kupiga kelele mashua zinapogeuka, kabla ya kujulikana nani yuko mbele, wakitazama ni tanga lipi litakalojaa upya kwanza.